Fungu la mdogo wangu: je, kufunga na kutoa vinatosha?

Mchungaji,

Bwana Yesu asifiwe. Ninakuandikia baada ya kusitasita kwa muda mrefu, na ninaomba jina langu lisitajwe. Mimi ni mwanamume mwenye familia, nimeokoka tangu ujana wangu, na katika kanisa letu ni mmoja wa viongozi wa maombi. Watu huniletea mahitaji yao niwaombee, na wapo wanaoshuhudia kwamba Mungu amewajibu. Sisemi haya kwa kujisifu, bali upate kuelewa uzito wa jambo ninalotaka kukueleza.

Baba yetu alipofariki aliacha nyumba moja. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Kabla hajaaga dunia alituita sote wawili, akasema kwamba nyumba hiyo ni yetu sawa kwa sawa, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nisimamie. Tulipokubaliana kuiuza, mdogo wangu alikuwa akiishi mbali, hivyo akaniachia nishughulikie kila kitu. Nilipata mnunuzi mzuri. Siku nilipompigia simu mdogo wangu kumweleza bei, nilitaja bei pungufu kwa theluthi moja. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Neno lilinitoka, na lilipokwisha kunitoka sikulirudisha. Nikamtumia nusu ya bei niliyoitaja. Akanijibu kwa ujumbe wa shukrani, akisema kwamba wapo ndugu wanaowadhulumu wadogo zao, lakini yeye Mungu amempa kaka mcha Mungu. Ujumbe huo ninao hadi leo kwenye simu. Siwezi kuufuta, wala siwezi kuusoma.

Katika fedha nilizozificha nilitoa zaka kamili, na baadaye nikatoa sadaka kubwa kwa ajili ya ujenzi wa kanisa. Nimefunga mara nyingi kwa ajili ya jambo hili. Nimemlilia Mungu kwa maneno ya Zaburi ya 51, hasa pale Daudi anaposema kwamba amemtenda dhambi Mungu peke yake, nikajiambia kwamba kwa kuwa dhambi yote ni juu ya Mungu, yeye akinisamehe yamekwisha. Lakini hayaishi. Nikiwaombea wengine, maneno yanakuja. Nikipiga magoti kwa ajili yangu mwenyewe, sina la kusema. Nikisoma Neno, ninasoma tu, hakuna kinachoniambia kitu.

Mke wangu analijua jambo hili. Yeye husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kwamba fedha zile zilikwisha kutumika kwa masomo ya watoto wetu. Kiongozi mmoja wa maombi ninayemheshimu sana, nilipomgusia jambo hili bila kumweleza yote, aliniombea, kisha akaniambia kwamba Bwana amemwonyesha kuwa limekwisha kufutwa, kwamba anayenisumbua ni shetani mshtaki, na kwamba nikilifungua tena nitakuwa ninaidharau damu ya Yesu.

Ninaomba unisaidie. Je, kutubu mbele za Mungu hakutoshi, hasa ikiwa tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo? Je, niyashike maneno ya kiongozi huyo? Na nikimweleza mdogo wangu, kisha akaniaibisha mbele ya ndugu na kanisa, huduma yangu ikaanguka, Mungu atakuwa amepata faida gani?

Mkubwa asiye na amani

* * *

Ndugu yangu mpendwa katika Kristo,

Asifiwe milele. Barua yako nimeisoma kwa utulivu na kwa maombi, na nitakujibu waziwazi, kwa sababu naona umezungukwa na watu wanaokupenda ambao, kwa kukuonea huruma, wamekuacha pale pale ulipokwama. Unapaswa kumweleza mdogo wako ukweli wote na kumrudishia kilicho chake, na hakuna mfungo, sadaka wala huduma inayoweza kukaa mahali pa jambo hilo. Sisemi hivyo kwa sababu damu ya Yesu ina upungufu. Mungu amekwisha kukuambia la kufanya, wewe mwenyewe unalijua kwa undani, na kwa muda wote huu umekuwa ukimletea vitu vingine vizuri ili asikuulize lile moja.

Naomba tusome pamoja sura ya 15 ya kitabu cha Kwanza cha Samweli. Sauli alipewa agizo kuhusu vita dhidi ya Waamaleki, kwamba asibakize chochote. Ni sura nzito, na wengi huniandikia wakiuliza juu ya ukali wa agizo lenyewe. Swali hilo linastahili nafasi yake, na leo sitaligusa. Ninachotaka ukitazame ni yale Sauli aliyoyafanya baada ya vita. Alimwacha hai mfalme Agagi, akaacha na kondoo na ng'ombe waliokuwa wazuri, na vile vilivyokuwa vibaya na visivyo na thamani ndivyo alivyoviangamiza. Kisha akaenda Karmeli akajisimamishia ukumbusho. Samweli alipomfikia, Sauli ndiye aliyetangulia kusema, na neno lake la kwanza lilikuwa baraka, la pili lilikuwa kwamba ameitimiza amri ya Bwana. Samweli akamuuliza, basi, maana yake nini kilio hiki cha kondoo ninachokisikia?

Jibu la Sauli linapaswa kumtetemesha kila mtu anayehudumu. Hakukana kwamba kondoo wapo. Alisema wameachwa hai ili watolewe dhabihu kwa Bwana. Kile alichokizuia kinyume cha agizo, alikipangia kazi ya ibada, akidhani kwamba madhabahu itakisafisha. Tena sikiliza jinsi anavyomtaja Mungu katika mazungumzo hayo: anamwambia Samweli, "Bwana, Mungu wako." Hasemi Mungu wangu. Mtu anaweza kuendelea kupanga dhabihu kubwa kwa Mungu ambaye moyoni mwake amekwisha kuwa Mungu wa mtu mwingine. Hapo ndipo Samweli anapotamka neno ambalo sote tumelikariri, kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu.

Sasa tuirudie hesabu yako, kwa sababu nadhani hujaifanya mpaka mwisho. Tuseme bei yote ya nyumba ilikuwa mafungu sita. Ulimtajia mdogo wako manne, ukamtumia mawili, wewe ukabaki na manne. Baba alisema sawa kwa sawa, maana yake matatu kwa matatu. Kwa hiyo, katika yale mafungu mawili uliyoyaficha, moja lilikuwa lako halali, ambalo hukuwa na haja ya kulificha, na moja lilikuwa lake. Ulipotoa zaka katika fedha zile zilizofichwa, nusu ya zaka hiyo ilikuwa mali ya mdogo wako, naye hakuulizwa. Ulimtolea Mungu kilichokuwa cha mtu mwingine, kisha ukangoja amani. Hao ndio kondoo wanaolia, ndugu yangu, na hawatanyamaza kwa kuongezewa wengine.

Umeitaja Zaburi ya 51, nami nafurahi kwamba umeitaja, kwa kuwa ni zaburi ya toba ya kweli. Lakini umeitumia mahali ambapo haikuwekwa. Daudi aliiomba baada ya nabii Nathani kumjia kwa ajili ya Bathsheba, na wakati huo Uria, mume wa Bathsheba, alikuwa amekwisha kuuawa vitani kwa hila ya Daudi mwenyewe. Daudi hakuwa na mlango wa kuubisha hodi. Hakuwa na namna yoyote ya kumwendea Uria na kumwambia, nimekukosea, pokea kilicho chako. Alipokuwa akilia mbele za Mungu peke yake, alikuwa akilia pia kwa sababu yule aliyemdhulumu hangeweza tena kufikiwa. Wewe mdogo wako yu hai, na namba yake ya simu unayo. Ukiichukua sala ya mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kurudisha, ukaitumia ili usirudishe, unaigeuza toba kuwa maficho.

Tena angalia jinsi Maandiko yanavyoupanga utaratibu huu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, mtu aliyemdanganya mwenzake katika amana, au aliyemdhulumu, anaagizwa arudishe kitu chote, aongeze na sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe. Kisha ndipo sadaka yake ya hatia inapotajwa. Na Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 5, anasema kwamba ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako pale pale mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako, ndipo urudi uitoe. Hakusema sadaka haina maana; alisema ingoje. Mtu anayeifahamu Biblia kama wewe ameyasoma maneno haya mara nyingi, na pengine ameyahubiri. Ndiyo maana nasema Mungu amekwisha kukuambia.

Nije sasa kwenye swali lako la neema, ambalo ni swali zuri na si la kubezwa. Ni kweli kabisa kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Hivyo ndivyo Paulo anavyowaandikia Waefeso. Lakini usisimame hapo, kwa kuwa katika mstari unaofuata anasema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Na katika barua yake kwa Warumi, ambayo ndiyo inayoeleza kwa kina zaidi kuhesabiwa haki kwa imani, Paulo anaanza na kumaliza kwa kutaja utii unaotokana na imani, katika sura ya 1 na tena katika sura ya 16. Kwake yeye hivi viwili havigombani hata kidogo. Imani ni kumwamini Mungu kwamba asemayo ni kweli na ni mema, na mtu anayeyaamini maneno ya mtu huyafuata. Ibrahimu, tunaambiwa katika Waebrania 11, alipoitwa alitii, akatoka asijue aendako. Kama angebaki nyumbani huku akisema anaamini kila neno aliloambiwa, tungejuaje kwamba anaamini?

Mtazame Zakayo. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Hakumwambia, lipa kwanza ndipo nitakula kwako. Neema ilitangulia, nayo ilitangulia mbele ya watu walionung'unika. Lakini ilipoingia ndani ya nyumba, Zakayo alisimama mwenyewe, bila kuamriwa, akasema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, anamrudishia mara nne. Hakujitafutia wokovu kwa fedha hizo. Zilimtoka mkononi kwa sababu alikuwa amepata kitu kikubwa kuliko fedha. Kwa hiyo ninapokuambia umrudishie mdogo wako, sikutumi ukanunue msamaha. Nakutuma kama mtu ambaye Yesu amekwisha kuingia nyumbani kwake.

Kuhusu kiongozi wako wa maombi, nitasema kwa heshima, kwa kuwa simjui na naamini anakutakia mema. Kwanza, hukumweleza yote. Aliombea jambo alilolisikia nusu, na jibu la nusu ya jambo haliwezi kukufaa. Pili, hata kama angekuwa amesikia yote, hakuna ufunuo wa mtu yeyote unaoweza kutangua lililoandikwa waziwazi. Katika 1 Wafalme 13 ipo habari ya mtu wa Mungu aliyetoka Yuda kwenda Betheli. Bwana alimwagiza asile chakula wala kunywa maji mahali pale, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme Yeroboamu alipomkaribisha alikataa kwa ujasiri, hata kama angepewa nusu ya nyumba ya mfalme. Kisha akaja nabii mzee wa pale Betheli, akamwambia, mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika amesema nami kwamba nikurudishe ule na kunywa kwangu. Maandiko yanasema wazi kwamba alimdanganya. Yule mtu wa Mungu aliyemshinda mfalme alishindwa na mzee wa imani, akarudi, akala, na alipokuwa njiani kuondoka simba akamwua. Huwa naogopa sana ninapoisoma habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba vishawishi vya kumwasi Mungu havitoki kwa wasiomjua tu. Wakati mwingine vinakuja na sauti ya upole, kutoka kwa mtu tunayemheshimu, vikiwa vimetanguliwa na jina la Bwana.

Ni kweli kwamba shetani ni mshtaki, na wapo waamini wengi wanaoteswa kwa dhambi walizokwisha kuziacha na kuzitengeneza. Lakini tazama namna ya mashtaka yake. Yeye hukuambia wewe hufai, huna sehemu kwa Mungu, hakuna la kufanya; anakufungia ndani. Roho Mtakatifu hutaja jambo moja kwa jina lake na kukuonyesha pa kwenda. Kinachokusumbua wewe kina kiasi kinachojulikana na kina mtu anayedai. Sauti inayokutuma ukaseme kweli na kumrudishia ndugu yako haki yake haiwezi kuwa ya yule aliye baba wa uongo.

Umesema pia kwamba Neno halisemi nawe tena. Hapa nataka wasomaji wengine wanisikilize kwa uangalifu, kwa maana si kila ukame wa kiroho unatokana na kutotii. Ayubu alikuwa mkamilifu na bado alimtafuta Mungu asimwone, na rafiki zake walimjeruhi kwa kumtafutia dhambi ambayo haikuwapo. Mtu anayepita katika giza na moyo wake haumshtaki asijibebeshe mzigo wa barua hii. Kwako wewe ni tofauti, kwa kuwa unajua neno la mwisho uliloambiwa. Yesu alisema katika Yohana 7:17 kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua habari za mafundisho yale. Kutenda kunafungua kujua. Sisi hupenda kinyume chake: tupewe kwanza mwanga wote, uhakika wote na amani yote, ndipo tutii. Umekuwa ukiomba amani iwe ishara ya kwamba unaweza kuliacha jambo hili, na Mungu, kwa rehema zake, amekunyima amani hiyo. Naiita rehema kwa kuwa angeweza kukuacha ulale.

Tufike kwenye hofu yako. Ukiirudia sura ile ya Sauli utaona kwamba mwishowe alikiri, tena mara mbili, kwamba amefanya dhambi, na alikiri pia sababu yenyewe, kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Lakini mara ya pili aliongeza ombi: Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Alitaka kutubu na kubaki na sura yake. Swali lako la tatu linafanana mno na ombi hilo, nami nakuambia hivyo kwa upendo. Unauliza Mungu atapata faida gani huduma yako ikianguka. Ndugu yangu, huduma hiyo haikuwa ya kumfaidi Mungu. Wapo watu walioombewa nawe wakabarikiwa, na namshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini aliyewabariki anaweza kuwabariki kwa mkono mwingine wakati wewe unaitengeneza nyumba yako. Ambaye hawezi kupata haki yake kwa mkono mwingine ni mdogo wako. Haki yake iko kwako tu.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe siku hiyo, wala kwamba habari hazitaenea. Anaweza kukasirika kwa muda mrefu, na atakuwa na sababu. Wale vijana watatu mbele ya Nebukadneza walisema Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakasema kwamba hata kama si hivyo, hawataiabudu sanamu. Utii wao haukuwa na masharti ya matokeo, na wako usiwe nayo. Wala usisubiri mpaka moyo wako upende. Bwana wetu pale Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kile kimwondokee, naye hakuficha uchungu wake, na bado alisema mapenzi ya Baba yatimizwe. Hofu haikuzuii kutii. Unaweza kwenda huku unaogopa. Na kama unajilaumu kwamba umechelewa, kumbuka mfano wa wana wawili katika Mathayo 21. Yule aliyemwambia baba yake "naenda" asiende ndiye aliyepotea. Yule aliyekataa, kisha akatubu akaenda kufanya kazi shambani, ndiye aliyeyafanya mapenzi ya babaye, ingawa alikuwa ameanza kwa kukataa.

Sasa niseme jinsi ya kulitenda jambo lenyewe, kwa kuwa utii hupotea mara nyingi kati ya uamuzi na utekelezaji.

Anza na mke wako. Usimwendee kumlaumu kwa kuwa alikuambia mgange yajayo, kwani alikuwa akikulinda na kuwalinda watoto. Mweleze kwamba methali hiyo inafaa kwa kosa lililokwisha kutengenezwa, na kwamba wazee hao hao walisema dawa ya deni ni kulipa. Mwombe msimame pamoja. Akikataa, msikilize, mpe muda wa siku chache, omba naye. Lakini usimfanye kuwa sababu ya kutokwenda kabisa, kwa kuwa agano la baba yako lilikuwa nawe.

Kisha andika hesabu yote kwenye karatasi: bei halisi, bei uliyoitaja, ulichomtumia, unachodaiwa. Weka na mkataba wa mauzo kama unao. Mimi ningeongeza ile sehemu ya tano, si kwa sababu tuko chini ya sheria ya Walawi, bali kwa sababu amekaa bila fedha zake muda wote huu na thamani yake imepungua. Zile ulizotoa kanisani usizitoe katika deni, wala usilidai kanisa. Aliyezitoa ni wewe, na mdogo wako hapaswi kulipia ukarimu wako. Kama huna fedha zote sasa, nenda na kiasi ulicho nacho na ahadi ya maandishi ya kumalizia, yenye tarehe.

Mwendee mwenyewe, ana kwa ana, hata kama ni mbali. Usitume mtu, wala usitume ujumbe. Ukifika, usianze na mahubiri wala na habari za jinsi ulivyoteseka moyoni, kwa sababu maneno hayo humlazimisha aliyeumizwa akufariji wewe. Sema ulichofanya kwa sentensi fupi: nyumba iliuzwa kwa bei hii, mimi nilikutajia bei hii, nikabaki na kilicho chako, nacho nimekileta. Usiseme "kama nilikukosea". Usiseme shetani alikupitia. Mwombe msamaha, kisha unyamaze, na umwache aseme yote aliyo nayo. Akitaka muda, mpe. Asipotaka kukuona, mwachie karatasi na fedha, urudi nyumbani, uendelee kutimiza ahadi iliyobaki kwa tarehe zake. Msamaha wake ni wake, hautakuwa sehemu ya malipo.

Baada ya hapo, nenda kwa mchungaji wako umweleze, kabla hajasikia kwa wengine. Ningekushauri wewe mwenyewe uombe kupumzika katika uongozi wa maombi kwa kipindi ambacho yeye ataona kinafaa. Hiyo si adhabu. Mtu aliyezoea kuwabeba wengine anahitaji kukaa kwenye kiti cha nyuma, asikilize, aombewe. Na yule kiongozi uliyemgusia, mweleze habari yote safari hii. Huenda nayo ikamsaidia awe mwangalifu zaidi anapotamka kwamba Bwana amemwonyesha.

Najua nimekupa mengi, na barua moja haiwezi kukushika mkono mpaka mlangoni kwa mdogo wako. Kama mkeo atapenda kuniandikia naye, nitamjibu kwa faragha bila kuichapisha barua yake. Wekeni tarehe ya safari wiki hii, kabla ya kupanga mfungo mwingine wowote, mnijulishe tarehe hiyo niwaombee.

Wako katika utumishi,

Mchungaji